Nyumba za kufulia za vijiji vya Ufaransa

Wengine wenu hunisimamisha njiani na kuniuliza: "Mwalimu, kila mwezi unatuandikia safari, na wewe mwenyewe hata kizuizi cha barabarani hujavuka?" Ni kweli. Mimi sijapanda ndege. Safari yangu ndefu kuliko zote ni ile ya kutoka Uvira kuja hapa, na hiyo siiandiki kwenye ukurasa huu. Lakini vitabu vya maktaba yetu hunisafirisha, na mwezi huu nimesafiri kwa miguu ya yaya wangu, kwa foto na sauti alizonitumia kwenye telefone.

Yaya wangu yuko Ufaransa tangu 2019. Alimfuata mume wake, ambaye anafanya kazi kwenye mashamba ya mizabibu upande wa Chablis, jimbo la Yonne, karibu kilomita 200 kusini-mashariki ya Paris. Sisi tukisikia Ufaransa tunawaza mnara wa Eiffel na magari mengi. Kumbe yeye anakaa kijijini kabisa. Kuna kanisa, kuna ng'ombe, kuna mvua, na ikifika saa mbili usiku hakuna mtu njiani.

Siku moja mwezi wa tano alinituma foto bila maneno. Niliona paa la vigae juu ya nguzo za mbao, na chini yake bwawa la mawe lenye maji safi. Nikamwandikia: hapo ndipo wananyweshea ng'ombe? Akajibu kwa sauti, anacheka: "Mdogo wangu, hapo ndipo bibi zao walikuwa wanafua nguo."

Nisiwadanganye, nilishangaa. Tangu utoto nilidhani Wazungu na mashine ya kufua walifika duniani siku moja.

Kwa Kifaransa huitwa lavoir. Sisi tuliosoma Kifaransa neno tulikutana nalo shuleni, lakini kitu chenyewe hatukukiona. Mimi nitaita nyumba ya kufulia, ingawa mara nyingi siyo nyumba kamili, ni paa na ukuta mmoja au miwili. (Kwetu tunasema kufula. Wenzetu wa Kigoma watanicheka nikiandika hivyo, basi nimeandika kufua.)

Maji yanaingia upande mmoja na kutoka upande mwingine, hayalali. Ukingo wa bwawa ni mawe mapana yaliyoinama kuelekea majini, ili ukisugua nguo maji yarudi ndani. Nyingine zina paa la ajabu: linazunguka bwawa pande zote nne, limeinama kuelekea ndani, na katikati limeachwa wazi. Mvua inaangukia ndani ya bwawa, na mwanga unaingia hapo hapo, wanaofua wako kwenye kivuli pembeni. Kwenye mito ambayo maji hupanda na kushuka, mafundi walitengeneza sakafu ya mbao inayoning'inia kwa minyororo. Maji yakipanda, wanaivuta juu, yakishuka, wanaishusha. Pale Chevreuse, si mbali na Paris, ziko 22 kando ya maji ya mto Yvette. Kule Bretagne, magharibi karibu na bahari, mji mdogo wa Pontrieux unajulikana kwa nyumba zake za kufulia karibu 50 kando ya mto Trieux, kwa sababu kule watu waliokuwa na nyumba ukingoni kila mmoja alijijengea yake.

Yaya alituma foto nyingine ya karibu. Mawe ya ukingo yameliwa. Baada ya kila hatua moja kuna bonde laini kwenye jiwe, kama lile la jiwe la kusagia la bibi yetu. Ni mikono ya wanawake tu iliyofanya hivyo, na nguo zilizolowa.

Zamani mwanamke wa kijiji cha Ufaransa alikuwa anafulia mtoni au kwenye dimbwi, magoti kwenye matope, jua na mvua vyote vya kwake. Nyumba za kufulia zilikuwepo hapa na pale tangu miaka ya 1700. Lakini nyingi zilijengwa baadaye, na kilichowasukuma watu ni kifo. Mwaka 1832 kipindupindu kiliingia Ufaransa kikaua watu karibu 100,000. Mwaka 1849 kikarudi. Sisi hapa hatuhitaji kufundishwa kipindupindu ni nini. Ila fikirini, wakati ule madaktari wengi walikuwa wanaamini ugonjwa unaletwa na hewa chafu, yaani harufu. Hawakujua bado kwamba unakaa ndani ya maji. Hata hivyo waliona kwamba uchafu na ugonjwa vinatembea pamoja, na hiyo iliwatosha kuanza kazi.

Tarehe 3 Februari 1851 Bunge la Ufaransa lilipitisha sheria ya kutenga faranga 600,000 kusaidia miji na vijiji vinavyotaka kujenga nyumba za kuogea na za kufulia, za bure au za bei ndogo. Serikali ililipa mpaka theluthi moja ya gharama, na isizidi faranga 20,000 kwa mradi mmoja. Zilizobaki, kijiji kijitafutie. Na vilijitafutia! Vingi havikungoja hata huo msaada. Vijiji vya Bourgogne na vya jirani yake Franche-Comté vilikuwa na misitu ya kijiji, basi halmashauri zilikata miti, zikauza, zikaita mwashi. Halafu vikaanza kuoneana wivu. Kijiji hiki kimejenga paa, kile kinajenga paa na nguzo za mawe za duara kama hekalu la Wagiriki wa zamani. Yote kwa ajili ya mashuka machafu.

Hapa nilisimama kidogo, kwa sababu kuna jambo ambalo halikuingia kichwani mwangu kirahisi. Wanawake wa Ufaransa walipewa haki ya kupiga kura mwaka 1944, na kura yao ya kwanza waliipiga 1945. Maana yake ni kwamba wakati wa ujenzi huo wote, waliokaa kwenye kikao na kuamua ni wanaume peke yao. Wanaume ambao hawajawahi kupiga goti mbele ya beseni waliamua jiwe liwekwe wapi, paa lifike wapi, na upepo upite wapi. Katika foto ya yaya, upande ulio wazi ndio upande wa kaskazini, ambako baridi inatoka. Sidhani kama kuna mama aliyeulizwa. Lakini walijenga. Wangeweza kununua kengele ya pili ya kanisa, na fedha ya msitu wakaiweka juu ya vichwa vya wake zao.

Ninalisema hili kwa sababu nyote mnajua habari ya ile saruji. Bloc yetu ina mifuko iliyobaki kwenye ujenzi wa vyoo. Vijana wanataka isakafie kiwanja cha voleboli. Wazee wanataka kibanda cha mikutano. Bamama wameomba sakafu ya kufulia chini ya robine, yenye mteremko na mfereji, na nguzo nne za kuwekea turubai. Mara mbili jambo hili limeahirishwa, na mara zote mbili niliandika mimi muhtasari, kwa hiyo najua ni nani alisema kwamba kufua siyo kazi inayohitaji jengo. Jina lake silitaji. Wanafunzi wangu wa kike wa darasa la sita huwa hawaji Jumatano asubuhi, siku ya maji mengi, na wakija saa nne miguu yao ina matope mpaka magotini.

Tuendelee na safari. Kitu kilichonipendeza zaidi ni mpangilio wa maji. Katika vijiji vingi maji yakitoka kwenye chemchemi yanapita kwanza mahali pa kuteka maji ya kunywa. Kisha yanaingia kwenye kihori cha wanyama. Mwisho ndiyo yanafika kwa wanaofua. Na hapo penyewe, mara nyingi mabwawa ni mawili: la juu, karibu na chemchemi, ni la kusuuza, la chini ni la sabuni. Anayefika mapema anashika nafasi ya juu ambapo maji ni safi, anayechelewa anapokea povu la wenzake. Msiniambie hamjui ugomvi huo! Meya wa kijiji alibandika sheria ukutani: ni marufuku kusafisha matumbo ya wanyama hapa, ni marufuku kunyweshea hapa, nguo za mgonjwa zina mahali pake. Na mlinzi wa kijiji alipita kutoza faini.

Sasa kufua kwenyewe. Msidhani ilikuwa kama sisi, kwamba leo Jumamosi unafua, Jumapili unavaa. Nguo ndogo walifua kila wiki, lakini mashuka na nguo za ndani za nyumba kubwa zilingoja ile kufua kubwa, na kufua kubwa ilikuwa mara mbili kwa mwaka hivi, majira ya kuchipua na majira ya kupukutika majani. Mashuka ya miezi sita yalirundikwa juu darini. Inawezekanaje? Kwa sababu msichana alipoolewa alikuja na mashuka kwa dazeni na mashati kwa dazeni, yote yamedariziwa herufi za jina lake kwa uzi mwekundu, ili yasipotee siku ya kufua. Kwa hiyo kufua mara chache ilikuwa sifa: ni dalili kwamba una nguo za kutosha. Maskini ndiye alifua mara kwa mara, maana hakuwa na ya kubadilisha. Mimi nina mashati mawili ya kufundishia, basi mnajua ningekuwa upande gani.

Kufua kubwa ilichukua siku tatu, na katika sehemu nyingi siku hizo waliziita Purgatori, Jehanamu na Paradiso.

Purgatori ni siku ya kwanza: kuchambua nguo na kuziloweka kwenye maji baridi.

Jehanamu ni siku ya pili. Nguo zinapangwa ndani ya pipa kubwa la mbao lenye tundu chini. Juu yake linatandazwa kitambaa kinene, na juu ya kitambaa wanamwaga majivu. Ndiyo, majivu ya jikoni, kama bibi zetu walivyofanya wakati sabuni imekosa. Majivu yana chumvi inayoitwa potasi, na potasi inakata mafuta. Lakini siyo majivu yoyote. Ya miti ya matunda ni mazuri. Ya mti wa mwaloni na wa chestnut yanaacha madoa, kwa hiyo mama mwenye akili alichunga jiko lake mwaka mzima asiharibu majivu. Kisha wanamimina maji ya vuguvugu juu ya majivu. Maji yanapita kwenye nguo, yanatokea tunduni, yanakusanywa, yanarudishwa jikoni, yanamiminwa tena yakiwa moto zaidi kidogo. Tangu asubuhi mpaka jioni, mara nyingi sana, kila mara moto zaidi. Ukianza na maji yanayochemka umeharibu: uchafu unapikwa ndani ya nguo na hautoki tena. Nyumba nzima imejaa mvuke, mikono inaungua, na mtoto hasogei karibu.

Siku ya tatu nguo zinapakiwa kwenye toroli, nazo zimelowa na zina uzito kama mawe, zinapelekwa kwenye nyumba ya kufulia. Hapo mwanamke anapiga magoti ndani ya kisanduku cha mbao kilicho wazi upande mmoja, amekitia majani makavu au matambara ili magoti yasipasuke. Mkononi ana kibao cha kupigia. Anapaka sabuni, anasugua, anakunja, anapiga, maji yanaruka, anasuuza, anatupa tena. Mwishoni nguo nyeupe zinapitishwa kwenye maji yenye bulu, ile ile bulu ambayo mama zetu walitia kwenye shati la shule. Bulu hiyo ya bei ndogo ilipatikana baada ya Mfaransa Jean-Baptiste Guimet kugundua, miaka ya 1820, namna ya kutengeneza rangi ambayo kabla ya hapo ilitoka kwenye jiwe la thamani. Kisha wanakamua na kutandaza juu ya majani na juu ya ua wa miti.

Hiyo ndiyo Paradiso yao. Wakati mwingine kwenye barafu. Kuna siku ilibidi kwanza wavunje barafu juu ya bwawa ndipo waingize mikono. Vidole vilipasuka, viungo viliuma, na waliougua kifua ni wengi. Na nani alikuwa pale zaidi? Wajane na wanawake maskini, waliofua za wengine kwa malipo ya siku. Kwa hiyo mtu akikuonyesha postikadi ya zamani, bamama wenye kofia nyeupe wanacheka kando ya maji, kumbuka kwamba mpiga picha hakukaa pale mpaka jioni.

Hata hivyo walicheka, hilo pia ni kweli. Palikuwa ndipo mahali pekee ambapo wanawake walikaa pamoja bila wanaume. Mwanaume hakuingia; akipita karibu, alichezewa kwa maneno mpaka akakimbia. Kanisani padri anaongea, kwenye baa waume wanaongea, na kwenye maji wake wanaongea. Watu walipaita hoteli ya wenye maneno mengi, na walisema kwamba pale nguo husafishwa na watu huchafuliwa. Lakini ni kwa sababu nguo zenyewe zinasema. Shuka linaonyesha nani ni mgonjwa, nani amejifungua, nani hajapata mimba, na nani halali tena na mume wake. Wafaransa wana msemo kwamba nguo chafu zifuliwe ndani ya familia. Jambo la kuchekesha ni kwamba nguo zenyewe walizifua mbele ya kijiji kizima.

Mtaalamu mmoja mwanamke, Yvonne Verdier, alikwenda kukaa kwenye kijiji cha Minot, huko huko Bourgogne, akasikiliza wanawake wazee, na mwaka 1979 akatoa kitabu juu yao: mwanamke anayefua, anayeshona na anayepika. Anaeleza kwamba mwanamke yule yule aliyeitwa kusaidia mtoto anapozaliwa na kumwosha, ndiye aliitwa kumwosha maiti. Kazi ya maji ilikuwa yake tangu mwanzo mpaka mwisho. Niliposoma hilo nilimkumbuka mama mmoja wa bloc ya tatu ambaye wote tunamjua, nanyi mmemkumbuka.

Ndiyo maana maji yale yalikuwa na miiko yake. Ijumaa Kuu hakuna kufua, maana anayefua siku hiyo anafua sanda yake mwenyewe. Na usiku hakuna kukaribia kabisa. Kule Bretagne, na pia sehemu za katikati ya Ufaransa, wazee walisimulia juu ya wafuaji wa usiku. Ni wanawake waliokufa, weupe, wanafua sanda kwenye mwanga wa mwezi, unasikia vibao vyao kwa mbali, pa! pa! pa! Ukipita, mmoja anakuomba umsaidie kukamua shuka. Ukikataa, umekwisha. Ukikubali, shika ncha yako na ugeuze upande ule ule anaogeuza yeye, ili shuka lisikazike kamwe. Ukigeuza upande mwingine, kama watu wanavyokamua, shuka linakaza, linavuta mikono yako, na linakuvunja mifupa. Watoto wa darasa langu niliwasimulia hiyo, na wawili siku iliyofuata walikataa kwenda robine jioni. Wazazi wao wanisamehe.

Nyumba ya kufulia iliyo maarufu zaidi upande ule iko Tonnerre, mji mdogo wa Yonne, na yaya alikwenda huko Jumapili moja na mume wake na mtoto. Inaitwa Fosse Dionne. Chini ya kilima, karibu kabisa na nyumba za watu, kuna chemchemi inayotoka chini ya mwamba, ya rangi ya bluu na kijani, na mwaka 1758 waliizungushia bwawa la duara na paa la nusu duara kwa ajili ya wafuaji. Maji yanatoka kwa nguvu, mamia ya lita kila sekunde. Wazee wa zamani walisema ndani anakaa nyoka mkubwa ambaye mtakatifu mmoja, Jean, alimwua. Siku hizi wanajua kwamba chini kuna pango refu lililojaa maji, na wazamiaji wamejaribu kulifuata mpaka mwisho wake. Wawili walikufa humo mwaka 1974, na mwingine mwaka 1996. Bado watu hawajaufikia mwisho. Yaya anasema amesimama pale, mtoto mgongoni, anaangalia lile shimo jeusi katikati ya bluu, na alichowaza ni kwamba bamama walikaa pembeni ya kitu kile wanapiga shuka na kuulizana habari za jirani.

Nyumba hizi zilikufaje? Hazikubomolewa na mtu. Maji yalifika nyumbani, basi. Msidhani ilikuwa zamani sana: katika hesabu ya mwaka 1954, nyumba karibu 4 kati ya 10 Ufaransa hazikuwa na maji ya bomba ndani. Nchi ile ile! Kisha mabomba yakafika vijijini, mashine za kufua zikafuata miaka ya 1950 na 1960, na mwanamke mmoja mmoja akaacha kwenda. Paa nyingine zikaanguka, bwawa likajaa majani. Baadaye watoto na wajukuu wakaanza kuzionea huruma, wakatengeneza paa, wakapanda maua kwenye ukingo. Leo watalii wanazipiga picha, na katika nyingi hakuna anayefua.

Katika kijiji cha yaya yuko mmoja. Ni yaya mwenyewe.

Nilimwuliza kwa nini, na yeye ana mashine nyumbani ambayo sisi wote hapa tungeimba mbele yake. Alinyamaza kidogo, kisha akasema: "Mdogo wangu, miezi minane ya kwanza sikujua jina la jirani hata mmoja. Nafunga mlango, nabonyeza kitufe, mashine inazunguka, naiangalia. Nguo zinatoka safi. Na mimi sijasema neno tangu asubuhi." Kwetu Uvira alikuwa anafulia ziwani na wenzake wanane, wanarudi nyumbani sauti zimekauka kwa kuongea. Basi siku moja alichukua vikwembe vyake viwili na sabuni ya kipande, akamfunga mtoto mgongoni, akaenda kwenye lile bwawa, akapiga magoti. Alisema aliona aibu, kama mwizi.

Mara ya tatu alipokwenda alikuta bibi mmoja mzee amesimama na fimbo. Yaya akaanza kuomba msamaha, akidhani anafukuzwa. Yule bibi akamwambia, "Binti, unafulia kwenye bwawa la kusuuza. La sabuni ni lile la chini."

Wakaanza kuongea. Bibi huyo alizaliwa Bretagne, akaolewa pale Yonne akiwa msichana, na alifulia bwawa hilo hilo mpaka mtoto wake wa tatu. Alionyesha jiwe lake, la pili kutoka kwenye maji yanapoingia, na jinsi alivyolipata: kwa kuamka saa kumi na moja asubuhi kwa miaka sita mpaka wenyeji wakachoka kumwondoa. Yaya akamwuliza kama anapakumbuka kwa hamu. Bibi akasema hapana, hata kidogo, siku mashine ilipofika aliibusu. Akakaa kimya. Kisha akasema kwamba kati ya wanawake waliokuwa wanafua pamoja naye, amebaki yeye.

Siku hizi anakuja kila Alhamisi kama hakuna mvua, anakaa kwenye kiti alicholetewa na mume wa yaya, na anatoa amri. Povu limezidi. Hujasuuza pindo. Mtoto avalishwe kofia. Kikwembe kikubwa hakikamuliwi na mtu mmoja, kwa hiyo siku moja alisimama, akaegemeza fimbo ukutani, akashika ncha yake. Yaya akashika ya pili, wakaanza kugeuza, na kikwembe hakikazi. Kumbe yaya, ambaye alisikia ile hadithi ya wafuaji wa usiku kutoka kwa bibi huyo huyo wiki moja kabla, alikuwa anageuza upande wake.

Bibi alicheka mpaka akakohoa. "Mimi bado niko hai," akamwambia. "Geuza kwingine."

Kikao cha saruji ni Jumamosi saa tatu asubuhi, chini ya mwembe wa shule. Foto za yaya nitakuja nazo kwenye telefone, nikipata mahali pa kuichaji.